Mjadala: Fundi na mhitimu wa huku kwetu ana haja gani na LinkedIn?

Mwalimu wa umeme, Kisumu:

Ndugu zangu, naleta jambo hili mbele yenu kwa sababu limenikosesha usingizi. Chuo kimoja cha ufundi hapa mjini kimewaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwamba daftari zao za mafunzo ya kazini hazitatiwa sahihi mpaka kila mmoja aonyeshe ukurasa wake wa LinkedIn. Wengi hawajawahi hata kuusikia. Kwa asiyeujua, ni mtandao wa watu wa kazi uliofunguliwa Marekani mwezi Mei 2003, na mwaka wa 2016 Microsoft ikaununua kwa zaidi ya dola bilioni 26. Unaandika ulikosoma, ulikofanya kazi na unachokiweza, kisha unaunganishwa na watu wa fani yako na waajiri. Kujiunga ni bure, ingawa lipo daraja la kulipia.

Jumamosi niliingia saiba moja pale Kondele kuchapisha mtihani. Kando yangu aliketi msichana anayesomea umeme, na mwenye saiba alikuwa akimwandikia ukurasa kwa shilingi mia tano. Nikachungulia. Kiingereza chenyewe kilikuwa kizito kama cha bungeni: eti yeye ni kiongozi mwenye maono, eti ni mleta mabadiliko. Nikamuuliza, "Binti yangu, umewahi kufanya nini kwa mikono yako?" Akanieleza bila kusita: amefunga nyaya za nyumba ya vyumba vitatu akisaidiana na mjomba wake, anajua kupima umeme wa fezi tatu, na kwa miezi mitatu alikuwa kwenye kiwanda cha samaki akitengeneza mota za vyumba vya baridi. Nikamuuliza mbona hayo hayako pale. Akasema, "Mwalimu, nilidhani hayo ni madogo."

Msimamo wangu ni huu: kumlazimisha mtoto ni makosa, lakini ukurasa wenyewe una faida ukibeba kazi yake ya kweli. Mnasemaje?

Fundi wa kuchomelea, Kibuye:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapa tunatofautiana. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimechomelea miaka 22. Mwaka wa 2011 nilitengeneza geti moja Milimani, na geti hilo peke yake limeniletea mageti mengine kumi na moja kwenye barabara ile ile. Nimeyahesabu. Mteja akitaka kuona kazi namtumia picha kwa WhatsApp, ananitumia pesa ya vyuma kwa M-Pesa, naanza. Mwajiri aliyeketi Nairobi au Dubai haniletei geti la kuchomelea.

Halafu kuna jambo mnalolisahau. Karakana yangu imepokea vijana wanne, na kila mmoja aliletwa na mtu ninayemjua. Kijana akiniharibia kazi au akitoroka na grainda yangu, najua mlango wa kubisha. Ukurasa wa intaneti utamdhamini nani? Kila mtu anajiandikia sifa anazozitaka, na hakuna anayemuuliza.

Mhasibu, Nakuru:

Fundi, sikatai, lakini sikiza yangu. Nilimaliza masomo Njoro, nikasaga lami nikitafuta kazi mwaka mmoja na miezi minne. Marafiki zangu wa karibu hawakunisaidia, na si kwa roho mbaya. Wote walikuwa wanatafuta kama mimi, matangazo wanayoyaona ndiyo niliyoyaona. Aliyenifungulia njia ni dada mmoja tuliyekaa naye meza moja kwenye semina ya kodi, siku mbili tu. Tuliunganishwa LinkedIn, tukasahauliana. Miezi saba baadaye akaandika pale kwamba ofisi yao inatafuta mtu wa hesabu za ghala. Nikamwandikia usiku huo huo. Namba yake ya simu sikuwa nayo, na bila mtandao ule nisingempata kamwe.

Baadaye nikajua jambo hili lina historia. Mwaka wa 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kwamba habari za kazi mara nyingi huletwa na watu tusiowajua sana, kwa kuwa wao wanaishi kwenye duara lingine na wanasikia tusiyoyasikia. Mwaka wa 2022 watafiti wakachapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn kwa miaka mitano, kwa watumiaji milioni 20. Walikuwa wakibadilisha mapendekezo yale ya "huyu huenda unamjua", wengine wakaonyeshwa watu wa karibu, wengine watu wa mbali kidogo. Wa mbali kidogo ndio waliosaidia zaidi watu kupata kazi mpya. Si rafiki wa chanda na pete, wala si mgeni kabisa. Ni yule dada wa semina.

Fundi wa kuchomelea, Kibuye:

Na katika majaribio hayo kulikuwa na mchomeleaji hata mmoja?

Mhasibu, Nakuru:

Swali zuri, na jibu lake lina nguvu upande wako, sitalificha. Utafiti ule ule ulionyesha kwamba watu wa mbali husaidia zaidi kwenye kazi zinazotegemea sana kompyuta. Kwenye kazi zisizotegemea kompyuta sana, watu wa karibu ndio waliofaa zaidi. Kwa hiyo wewe na geti lako la Milimani mko sawa, na mimi na hesabu zangu niko sawa.

Mwanafunzi, Maseno:

Mimi nina dukuduku lingine. Hao watu milioni 20 waliulizwa? Hawakuulizwa. Walikuwa wakitafuta riziki huku wakipimwa bila kujua, na huenda kuna aliyechelewa kupata kazi kwa sababu alionyeshwa watu wasiomfaa. Mwaka wa 2012 mtandao huo ulivamiwa, maneno ya siri yakaibwa, na ilipofika 2016 ikajulikana kwamba akaunti zilizoguswa zilizidi milioni 100. Mwaka wa 2015 wakakubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi Marekani, baada ya watu kulalamika kwamba rafiki zao walitumiwa barua pepe za mwaliko tena na tena kwa majina yao. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari. Sasa chuo kikimwambia mwanafunzi "peleka habari zako kwa kampuni hii au daftari lako halitiwi sahihi", hiari iko wapi hapo? Jambo hili linaniuma kwa sababu anayeambiwa hivyo hana uwezo wa kusema hapana. Karo imelipwa kwa kuuza ng'ombe.

Mzazi, Kakamega:

Naandika kama mama. Kijana wangu alijiunga mwaka jana kwa moyo mweupe. Wiki ya tatu akaandikiwa na mtu mwenye picha safi, tai, na jina la kampuni, akiambiwa kuna kazi ya ghala Qatar. Wakaandikiana siku nne kwa adabu kabisa. Siku ya tano akaombwa shilingi 18,000 za uchunguzi wa afya. Nilikopa kwenye chama changu, nikamtumia. Ukurasa wa yule mtu ukafutika siku iliyofuata, na mimi bado nalipa deni kila Alhamisi mbele ya wenzangu. Kabla hamjawapeleka watoto huko, wafundisheni hili kwanza.

Mwalimu wa umeme, Kisumu:

Mama, pole sana. Nashukuru umesema wazi, maana wengi hunyamaza kwa aibu na matapeli wanaendelea. Kwa wengine wanaosoma: wakala yeyote wa kazi za ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa kila mtu. Angalia jina kabla ya kutuma hata shilingi. Na anayeharakisha pesa kabla hujaona mkataba, achana naye, hata awe na tai tatu.

Mtaalamu wa jotoardhi, Nakuru:

Nimesoma yote. Mimi ni fundi wa visima vya mvuke, mikono yangu ina mafuta kama ya ndugu yangu wa Kibuye, wala siketi kwenye kompyuta. Lakini kwangu LinkedIn imefanya kazi, na nitaeleza ni kwa nini.

Olkaria, hapa kaunti yetu ya Nakuru, imezalisha umeme kwa mvuke unaotoka ardhini tangu 1981. Kaunti hii ina watu wengi wanaojua kuchimba visima vya mvuke kuliko nchi nyingi za Afrika, ndiyo maana KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, imeitwa kuchimba Ethiopia na Djibouti. Anayetafuta mtu wa kazi hii hawezi kumpata kwa kuuliza jirani, kwa sababu jirani yake hajawahi kuona mtambo wa kuchimba. Lazima atafute mbali. Niliandika pale mambo makavu tu: aina ya mitambo niliyoshika, kina cha visima, idadi ya zamu, na kozi ya usalama. Nimepigiwa simu mara mbili na watu wa nje, na mara moja nikaenda kwa mkataba wa miezi sita.

Kwa hiyo kwa maoni yangu cha kuuliza kwanza ni mteja wako anakaa wapi. Akikaa mtaani kwako, hangaika na mtaa. Akikaa mbali na kazi yako ni adimu, jitangaze, kwani biashara ni matangazo. Na anayetaka kazi ya serikali asijidanganye. Mwalimu anaomba kupitia tovuti ya TSC, tume inayoajiri walimu, kazi za kaunti zinatangazwa na bodi za utumishi za kaunti. Huko hakuna atakayefungua ukurasa wako.

Fundi wa kuchomelea, Kibuye:

Huyu wa mvuke ananielewesha. Lakini swali langu la udhamini halijajibiwa. Wewe ulijuaje kwamba watakuamini?

Mtaalamu wa jotoardhi, Nakuru:

Msimamizi wangu wa zamani aliandika aya moja kwenye ukurasa wangu, kwa jina lake na cheo chake. Alieleza usiku ambao bomba lilikwama kisimani na tulivyolitoa. Wale wa nje walimpigia yeye kabla ya kunipigia mimi. Wewe ukileta kijana kwa simu unafanya kitu kile kile, tofauti ni kwamba yeye aliandika.

Mwalimu wa umeme, Kisumu:

Aya hiyo imenipa jibu la jambo lililokuwa likinizunguka kichwani. Nilipofungua mjadala nilidhani ugomvi wetu ni kujiunga au kutojiunga. Sasa naona chuo kimeanza na mkia. Mwanafunzi wa umeme wa majumbani atapata kazi kwa watu wa karibu, utafiti wenyewe unasema hivyo, na fundi amesema hivyo kabla ya utafiti. Wa mitambo ya viwanda na nishati ya jua huenda akahitaji watu wa mbali. Wote wawili wanahitaji mtu mzima mmoja aliyewaona wakifanya kazi na aliye tayari kusema hivyo kwa jina lake. Hicho ndicho chuo kilipaswa kuwatafutia. Kesho nitakwenda kwa mkuu wa idara kuomba sharti lile liondolewe, na kijana wa Maseno, naomba hoja yako ya ridhaa niibebe.

Yule msichana alikuja darasani Jumatano. Tulifuta yote ya saiba tukaandika mistari sita: nyaya za vyumba vitatu, fezi tatu, mota za kiwanda cha samaki, alizofunga upya waya na zilizomshinda. Ndiyo, na zilizomshinda, mbili. Alisita sana hapo. Nikamwambia zibaki, kwa sababu anayejua mota atajua kwamba huyu amezishika kweli. Pamebaki pengo moja tu, mtu wa kumsemea. Msimamizi wake kiwandani amehama, hapatikani.

Fundi wa kuchomelea, Kibuye:

Mota nne zimelala hapa karakanani, mbili za grainda, moja ya kompresa na moja sijui ilikuwa ya nini. Mwambie aje Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitamlipa kwa kila moja itakayozunguka. Zikizunguka nitaandika kwa jina langu kwamba nimeziona zikizunguka, ukurasa mtachagua wenyewe. Na avae viatu vya kufunika vidole.