Makala yangu imefutwa mara mbili Wikipedia. Nianzishe ukurasa bila akaunti?

Mgeni_Mpya: Wakuu, nimekwama. Makala yangu kuhusu mwanamuziki imefutwa mara mbili kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Naweza kuianzisha bila akaunti, au nifungue akaunti nyingine? Nina haraka.

Kifutio: Bila akaunti haiwezekani. Mlango ulifungwa Desemba 2005, baada ya wasifu wa John Seigenthaler, mwanahabari wa Marekani, kukaa humo miezi ukimhusisha kwa uongo na mauaji ya Kennedy. Tangu 2018 hata akaunti mpya inasubiri siku 4 na mahariri 10. Kabla ya hapo unaandika rasimu, mhakiki anaipitia. Ufutaji ulipewa sababu gani?

Bao_la_Kete: Ubaguzi tu. Wiki ni ya wote.

Kalamu_Kavu: Si ubaguzi. Makala ya zamani ina watu walioiweka kwenye orodha zao za maangalizi, ukiiharibu wanaona. Ukurasa mpya hauangaliwi na mtu isipokuwa doria ya kurasa mpya, na foleni yao ni ndefu.

Mgeni_Mpya: A7, kisha G11.

Kifutio: Yaani haikuonyesha umuhimu wa mhusika, halafu ikasomeka kama tangazo. Ni nani huyo mwanamuziki?

Mgeni_Mpya: Ni mimi. Lakini nimeandika kwa nafsi ya tatu! Na kuna mtu nimeshamlipa nusu aipandishe.

Bao_la_Kete: Hongera kwa nafsi ya tatu 😂

Kifutio: Anayelipwa lazima atangaze amelipwa na nani, ni sharti la matumizi tangu 2014. Tafuta kwanza vyanzo vitatu vilivyokuandika kwa kina bila wewe kuhusika. Mahojiano hayahesabiki, wala taarifa uliyowatumia wanahabari. Ukivikosa, hakuna ufundi wa kuandika utakaokuokoa. Haraka nayo haina faida: makala mpya haionekani kwenye injini za utafutaji hadi ikaguliwe au zipite siku 90.

Shahidi_wa_Pili: Hii chai. A7 hutumika kwa makala tu, si kwa rasimu. Kwa hiyo akaunti yake ilishapita siku 4 na mahariri 10. Sasa anauliza njia ya bila akaunti ya nini? Anatupima tu ajue doria inanasa wapi.

Mgeni_Mpya: Si chai. Nilisahihisha mikato mara kumi nikasubiri siku nne. Ila akaunti imefungiwa.

Kalamu_Kavu: Hapo ndipo ungeanzia! Ukifungua nyingine unakwepa kufungiwa, na ukurasa unafutwa kwa G5, kanuni ya kurasa za waliofungiwa, hata ukiwa mzuri. Aliyelipwa akipandisha kwa maelekezo yako, mtahesabiwa mtu mmoja. Omba kufunguliwa kwenye ukurasa wako wa majadiliano, kwa akaunti ileile, na useme wazi kwamba uliandika habari zako mwenyewe.

Shahidi_wa_Pili: Weka jina la ukurasa. Makala ikifutwa, kumbukumbu ya ufutaji hubaki wazi kwa kila mtu.

Mgeni_Mpya: Nikiliweka si mtaiona na ile ya tatu?