Nachagua Kilimanjaro, menyu inaniletea Longido! Hawa waliojenga huu mfumo walijaribia wapi?

Wakuu, leo sina salamu.

Nina stesheneri hapa Moshi, jirani na stendi. Natoa kopi, najazia watu fomu za mtandaoni. Kuna mfumo mmoja wa maombi, siutaji, wanaoutumia wameshanielewa. Unachagua mkoa, menyu ya wilaya inajijaza yenyewe, halafu kata.

Jana alikuja mama mmoja wa Rombo. Nikachagua Kilimanjaro, zikashuka wilaya: Hai, Moshi, Mwanga, Rombo, Same, Siha. Kabla sijagusa, zote zikafutika mbele ya macho yetu, zikaja za mkoa wa Arusha: Arusha, Karatu, Longido, Monduli. Juu bado pameandikwa Kilimanjaro! Mama akaniangalia: "Mwanangu, Longido imehamia kwetu lini?"

Huduma kwa wateja wananiambia nifute keshi (data ambazo kivinjari kimezihifadhi), eti mtandao wa huku mbovu. Nimefuta. Nimebadilisha kivinjari, nimebadilisha laini. Yale yale.

Nikabonyeza F12, inayofungua zana za kivinjari za kuona ukurasa unavyofanya kazi ndani, nione wanafanya nini. Kumbe ukurasa ukifunguka tu, Arusha imeshachaguliwa kwa kuwa ndiyo ya kwanza kwa alfabeti, na ombi la wilaya zake limeshaenda kwenye seva. Mimi nikichagua Kilimanjaro linaenda la pili. Sasa jibu la pili likiwahi kurudi, lile la kwanza linakuja nyuma na kufagia kila kitu. Hakuna hata mstari mmoja wa msimbo unaouliza hili jibu ni la mkoa gani! Mtandao mbovu unanichelewesha tu, haunihamishii wilaya. Sitisha ombi la zamani, AbortController (kifaa cha JavaScript cha kukatisha ombi) ipo kwa kazi hiyo, au tupa jibu lisilolingana na mkoa uliochaguliwa. Basi. Na Chrome ina sehemu ya kuigiza mtandao wa taratibu, wangejaribu dakika tano tu wangeona aibu yao.

 

Kinachoniuma ni kijana wa Pasua, hapa hapa Moshi, wiki iliyopita. Nilishachagua Moshi, nikashuka chini kumalizia, huku nyuma orodha ikabadilika na kujikalia kwenye ya kwanza. Nikatuma. Fomu yake inasoma mkoa Kilimanjaro, wilaya Arusha, na kitufe cha kuhariri hakuna. Saa hii amesimama hapa kaunta, anataka elfu tatu yake.