Naomba ushauri: wapimaji wawili wa neva, majibu mawili tofauti

Habari zenu wakuu. Mama ana ganzi ya vidole vya mkono wa kulia, usiku inamwamsha akiukung'uta. Mpimaji wa kwanza alipata kasi ya neva (yaani kasi ya umeme kupita kwenye mshipa wa fahamu) kwenye kifundo cha mkono mita 41 kwa sekunde. Wa pili, wiki tatu baadaye, 49. Siku ile ya kwanza mama alitoka kwenye mvua, vidole baridi kama chuma, na hakuna aliyepima joto la mkono. Wa pili aliupasha mkono hadi nyuzi 32, akarudia kupima umbali kwa futikamba mara mbili, maana kasi inakokotolewa kwa umbali huo. Nahisi baridi ndiyo iliyopunguza kasi, ila daktari ameshika majibu ya kwanza na anataka upasuaji.

Je, baridi pekee inaweza kuleta pengo hili, au ni mikono ya wapimaji? Tukirudia, twende kwa yupi?