Saspensheni ya gari la zamani, bajeti ndogo: nianze na kipi?

Ekseli_Mbele:
Habari wakuu. Gari ni saluni ya mwaka 2003, linavuta kwa magurudumu ya mbele, limetembea kilomita 210,000 na saspensheni ni ile ile ya kiwandani. Kwenye vishimo vidogo, mwendo wa polepole, mbele kunagonga ko-ko-ko. Kwenye tuta kubwa mlio haupo. Nikishika breki linavuta kushoto, na tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani. Shokapu ya nyuma kulia inachuruzika mafuta. Siwezi kubadilisha vyote kwa mara moja. Kipi kitangulie, kipi kisubiri, na mtumba upi unafaa?

Fundi_Chasisi:
Mkuu, usinunue chochote kabla ya kupima. Mlio huo wa vishimo vidogo mara nyingi ni linki za stabilaiza (vifimbo vinavyoishika stabilaiza, ile nondo inayozuia gari kulala kwenye kona). Kuvuta wakati wa breki pamoja na tairi kulika ndani kunanifanya nishuku bushi (kikombe cha raba na chuma) kubwa ya nyuma ya mkono wa chini, ule unaoshikilia gurudumu kwenye bodi: ukikanyaga breki gurudumu linasukumwa nyuma, bushi iliyochanika inauachia mkono usogee, na gurudumu linageuka lenyewe. Ila kabla ya kulaumu bushi, hakikisha kalipa ya breki (inayobana pedi) haijakwama.

Inua gari, liweke kwenye stendi, usilitegemee jeki. Shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kati ya mkono na gurudumu). Shika kushoto na kulia, hapo unapima taerodi (fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu). Bushi ipime kwa mtaimbo, uangalie kama raba imeachana na chuma. Linki usiipime gurudumu moja likiwa juu, maana stabilaiza inakuwa imejikunja na kuibana, mchezo hauonekani.

Boljointi na taerodi zikiwa na mchezo zinatangulia bila mjadala, kwa sababu boljointi ikichomoka gurudumu linalala. Kisha bushi za mikono, halafu shokapu za nyuma. Linki ni za bei ndogo, ziingie pamoja na bushi. Shokapu za mbele kama ni kavu na gari halinesi, zinasubiri.

Spana_17:
Naongezea kwenye manunuzi. Shokapu zinabadilishwa mbili mbili kwa ekseli, yaani za mbele zote mbili au za nyuma zote mbili. Mpya upande mmoja na iliyochoka upande wa pili hufanya gari liyumbe kwenye kona na breki ya ghafla. Usiache kuweka mpya raba ya kizuizi (inayozuia shokapu kugonga mwisho) wala kifuniko cha vumbi. Raba ikiwa imemeguka, shokapu mpya itagonga mwisho wake chuma kwa chuma, na vumbi likiingia kwenye sili (raba inayozuia mafuta) mafuta yanaanza kutoka mapema. Ni hapa wengi wanapookoa hela kidogo na kupoteza nyingi.

Mtumba: springi ambayo haijapasuka wala kulika na kutu, sawa. Mkono wa chuma usiopinda, sawa, ukiuwekea bushi mpya. Shokapu, boljointi na bushi za mtumba, hapana, uchakavu wake uko ndani.

Linganisha pia bushi peke yake na mkono mzima. Bushi inahitaji presi, na boljointi nyingine imebanwa kwenye mkono kwa ribiti. Ukijumlisha kazi ya fundi, mkono kamili wa kampuni ya kuaminika mara nyingi unatoka nafuu. Agiza kwa namba ya chasisi, siyo kwa jina la gari na mwaka tu. Bushi za poliyurethani zinadumu, lakini zinaleta mtetemo ndani na zinalia zikikosa grisi ya silikoni. Kwa gari la kila siku, chukua raba.

Ekseli_Mbele:
Asanteni sana. Shokapu za mbele zina unyevunyevu tu karibu na sili, hazidondoshi. Na kwenye kufunga niangalie nini?

Fundi_Chasisi:
Unyevu mwembamba karibu na sili ni kawaida. Mafuta yakishuka mpaka chini ya silinda, imekwisha. Ukifika kuzibadilisha za mbele, nati ya katikati ya juu ya shokapu usiilegeze kabla springi haijabanwa kwa kibano chake. Inaweza kuua.

Kosa linalomaliza bushi mpya ni kukaza bolti za mkono gurudumu likiwa linaning'inia. Raba inashikwa ikiwa katika pembe hiyo. Gari likishuka inabaki imejisokota na kuchanika mapema. Funga bolti kwa mkono, ushushe gari kwenye rampu au uinue mkono kwa jeki mpaka urefu wake wa kawaida, ndipo ukaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Spana_17:
Linki ikizunguka unapoifungua, zuia msumari wake (ule wenye nyuzi za nati) kwa funguo ya eleni, ile ya pembe sita. Ile fimbo ya kung'aa ya shokapu usiishike kwa plaizi kamwe, mkwaruzo mmoja unakata sili. Nati zenye plastiki ndani weka mpya. Nati ya pini (inayozuiwa na pini inayopita kwenye tundu la msumari) ikikosa kulingana na tundu, kaza mbele kidogo, usirudishe nyuma. Ukishagusa taerodi au mkono, nenda alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu) kabla ya kuweka tairi jipya.