Bao la Kiswahili: nyumba naisafirisha lini?

MgeniWaBao: Wakuu, habari za jioni. Babu ananifundisha bao tangu mwezi uliopita. Kula najua, kutakata (kusambaza kete bila kula) najua, lakini hatujawahi kufika mtaji, ile hatua ya pili kete za mkononi zikiisha, hata siku moja. Kete za mkononi hazijaisha, safu yangu ya mbele imeshakuwa nyeupe, haina kete. Kete ya mwisho ikitua nyumbani, lile shimo langu kubwa, nasafiri, yaani nazitawanya zote, maana zile kete kumi na kitu zinatia hamu. Babu anaguna tu. Nakosea wapi?

KeteMbili: Unahesabu kabla hujachagua upande? Nyumba ni shimo la 4 la safu ya mbele kutoka kichwa (shimo la mwisho pembeni) cha kulia, la 5 kutoka cha kushoto. Ukila 4 ukaanzia kulia, ya mwisho inatua nyumbani. Ukila 5, inaipita. Mimi mpaka leo nahesabu kwa vidole, nimevificha mgongoni.

MzeeNamua: Ukitua nyumbani, tazama shimo la mwenzio linaloikabili. Lina kete? Unakula, nyumba inabaki. Ni tupu? Hapo ndipo unachagua: ulale (zamu yako iishie hapo) au usafiri. Kama hujaona kete ya mwisho itaishia wapi, lala mjukuu wangu. Nyumba ikishatawanyika hairudi.

KeteMbili: Na ufunguzi wako ukoje?

MgeniWaBao: Naweka kete kimbi cha kulia, shimo la pili kutoka pembeni, napeleka kushoto.

KeteMbili: Ndiyo maana! Mwanzo una 6 nyumbani, 2 na 2 kulia kwake, 22 mkononi. Kimbi kikiwa na 3 ukazipeleka kushoto, ya mwisho inalala uso kwa uso na nyumba ya babu. Umemlisha. Zigeuze: 1 kichwani, 2 safu ya nyuma. Sasa kagua shimo kwa shimo, hakuna kete yake inayotazamana na yako. Hana cha kula, atatakata apende asipende.

MgeniWaBao: Duh, kila siku namlisha mwenyewe! La mwisho: nikiwa natakata, kete ya mwisho ikaingia nyumbani, nasafiri?

MzeeNamua: Hapana. Nyumba ikiwa na 6 au zaidi, kutakata kunaishia hapo hapo. Kusafiri ni kwa anayekula tu. Babu amekuwa akikuachia?

MgeniWaBao: Mara zote, mzee.

MzeeNamua: Basi bado anakulea.