Likizo ya uzazi, ruzuku na udumavu: mtoto wa kibarua yuko wapi katika sera zetu?

Mhudumu_Kilolo aliandika:

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 30, na Njombe nayo ilivuka asilimia 50. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi na maharage.

Akina mama wa hapa hawakosi elimu ya lishe. Ukiwauliza kuhusu mlo kamili kwenye Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, wanakujibu bila kusita. Msimu wa palizi ukifika, hata hivyo, mtoto wa miezi minane huachwa na dada yake wa darasa la pili pamoja na chupa ya chai iliyojaa uji mweupe wa sembe usio na karanga wala maziwa, na mama akirudi jioni uji huo ama umekwisha zamani ama umechacha. Je, sera zetu za kusaidia familia zinamfaa mtoto huyu kwa lipi?

Mafinga_Kazini alijibu:

Dada, kwa upande wa ajira rasmi sheria ipo na si mbaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Tatizo ni kwamba sehemu ya likizo, kwa kawaida, haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Wa msimu anaweza kuhesabiwa, na pia aliyefanya kazi zaidi ya mara moja kwa mwajiri yuleyule iwapo vipindi vyake vya mwaka mmoja vikijumlishwa vinapita miezi hiyo, lakini kibarua anayelima leo kwa huyu na kesho kwa yule hana wa kumdai. Hata aliyeajiriwa kwenye chai huku Mufindi, zile saa mbili humfaa kidogo ikiwa mtoto yuko nyumbani, mwendo mrefu kutoka shambani. Kwa maoni yangu, kinachokosekana ni kituo cha kulelea watoto mchana kilicho karibu na kazi, kwa sababu mama huyu kapungukiwa muda kuliko anavyopungukiwa maarifa.

Baba_Uyole alijibu:

Nakubaliana nawe kuhusu muda, ila tusiitupe fedha pembeni, kwani mama huuza muda wake kwa sababu hana fedha. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipojaribu ruzuku zenye masharti ya kliniki na shule katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010, tathmini ilibaini kuwa watoto wadogo wa kaya zilizopokea waliugua mara chache zaidi, kaya nyingi zaidi zilijiunga na bima ya afya ya jamii, na watoto wakapata viatu. Mimi hivyo viatu ndivyo vilivyonishawishi, maana wapo waliodai fedha ingeishia kwenye pombe.

Kasoro ninayoiona ni masharti yenyewe: kupeleka mtoto kliniki kumebaki kuwa kazi ya mama peke yake. Na sheria hiyohiyo ya ajira, kwa kawaida, inampa baba siku tatu tu. Siku tatu hazitoshi hata kujifunza kumwogesha mtoto.

Mhudumu_Kilolo aliandika:

Asanteni sana. Ndugu wa Mafinga, hoja ya kituo nimeizungumza na mtendaji wetu wa kijiji, naye akauliza fedha zitatoka wapi. Halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Hazijengi chumba, lakini zinaweza kununua unga wa lishe kwa watoto watakaokusanywa mahali pamoja wakati wa palizi. Usajili wa kituo nitamuuliza ofisa ustawi wa jamii, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inagusa vituo vya namna hiyo.

Swali moja kwenu: vibarua wa huko hulipwa kwa siku au kwa ngwe, yaani kipande cha shamba alichopimiwa mtu?

Mafinga_Kazini alijibu:

Mashamba madogo ya viazi na mahindi hulipa kwa ngwe, na hapo ndipo penye ugumu. Mama akienda kunyonyesha, ngwe haimaliziki na malipo yanasubiri kesho. Kwa hiyo, kabla hamjatafuta chumba, waiteni wenye mashamba kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mkubaliane kwamba anayenyonyesha apimiwe ngwe fupi kwa malipo yaleyale, na kituo kiwe pale anapopita akienda shambani.

Baba_Uyole alijibu:

Wenye mashamba watalalamika kuhusu ngwe fupi. Anzeni na wale ambao wake zao wananyonyesha.