NIMEPIGWA MILIONI 2 KWA KONTROL BOKSI YA FOWILI, KUMBE NI WAYA WA ETHI!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi nanunua ndizi na viungo Kinole, nashusha Morogoro mjini. Anayeijua njia ya Kiroka na Mkuyuni kupanda huko juu anajua masika inakuwaje. Udongo unateleza kama umemwagiwa sabuni, na bila fowili, yaani tairi zote nne kuvuta, unalala na mzigo wako njiani. Pikapu yangu ni dabo kebini ya dizeli, gia za mkono. Ndiyo inayonilishia familia. Aina ya gari siitaji kwa sababu gari halina kosa. Gereji nayo siitaji kwa leo, mtaelewa mbele.

Wiki ya kwanza ya Aprili taa ya fowili kwenye dashibodi ikaanza kupepesa. Nazungusha swichi kutoka 2H (tairi mbili) kwenda 4H (tairi nne), taa inapepesa weee, mwisho inagoma. Siku za jua ilikuwa inashika vizuri. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi haishiki. Hili la mvua nililisema kwa mdomo wangu siku ya kwanza nilipofika gereji, nikalirudia siku ya pili. Hakuna aliyelitilia maanani.

Gereji yenyewe iko Dar. Niliambiwa wana mashine ya kisasa ya kupima. Kijana akachomeka mashine chini ya usukani, dakika tano nyingi, ikatoa kodi U0102, yaani namba ya hitilafu. Akanigeuzia kioo nione. "Kaka, kontrol boksi ya fowili imekufa. Hapa hakuna ujanja, ni kubadilisha." Elfu 50 ya kupima, nikalipa.

Sasa nieleze hii kodi maana ndipo nilipopigwa, na naamini siko peke yangu. U0102 inasema kompyuta nyingine za gari hazipati mawasiliano na boksi la transfa, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma. Basi. Haisemi boksi limekufa. Ukimpigia mtu simu akawa hapatikani, huendi kuchimba kaburi. Labda chaji imeisha, labda mtandao hakuna. Boksi nalo ni hivyo hivyo: likikosa umeme kwa sababu ya fyuzi, likikosa ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi na hasi ya betri), au mojawapo ya zile waya mbili za mawasiliano ikakatika, mashine itakuletea kodi ileile ambayo ingeleta boksi likiwa limeungua kweli. Fundi anayeishia kwenye kusoma kodi hajapima kitu.

Mimi wakati huo sikuyajua haya. Nikakubali.

Boksi la mtumba likaletwa kutoka Gerezani, laki 8 na nusu. Laki 1 ya ufundi. Likafungwa, fowili ikashika, nikafurahi, nikaondoka. Siku hiyo jua lilikuwa kali. Siku ya nne mvua ikanyesha, nikiwa Mkuyuni na mzigo, taa ikaanza kupepesa tena. Nikarudi Dar. Wakasema boksi halijaprogramiwa, laki 2 na nusu. Wakakaa nalo siku mbili. Ikagoma. Wakasema basi hili boksi ni bovu, tubadilishe, ongeza laki 3 maana lingine ni safi zaidi. Kwenye duka la spea nilipolalamika nikajibiwa kwamba vitu vya umeme vikishafungwa havirudi. Nikaongeza. Ikagoma. Hapo ndipo fundi mkuu akaja na jipya, eti tatizo ni mota ya transfa, ile inayosukuma gia ya fowili. Laki 4 na elfu 80. Nikalipa na hiyo, maana gari lilikuwa limeshafunguliwa liko juu ya mawe, na mimi ningefanya nini?

Jumlisheni wenyewe. Milioni 2 na elfu 30. Siku 19 gari halijaingiza hata senti, watu wa Kinole wamewauzia wengine ndizi zao.

Halafu kuna jambo lililoniuma hata kabla sijaujua ukweli. Kujaribu fowili, kijana alikuwa anaingiza 4H kwenye lami kavu na kukata kona mduara kamili, mara tatu nne, mpaka transfa inaguguma na tairi zinalia. Gari kama hili halina difu ya kati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka tofauti. Kwenye kona matairi ya mbele na ya nyuma hayaendi umbali sawa, kwa hiyo ukiwa umefunga fowili kwenye lami yanavutana, na anayeumia ni transfa na shafti. Fowili ya namna hii ni ya tope, mchanga na mawe yanayoteleza. Fundi wa fowili asiyelijua hili hakustahili kushika hata spana ya gari langu.

Nikalirudisha gari Morogoro vilevile bovu. Shemeji akanipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme, hana gereji ya maana, ana mwembe na sanduku la vifaa. Nikamwamkia, nikamsimulia. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, linagoma zaidi wakati gani?" Nikamwambia, mvua ikinyesha mzee wangu. Akavua viatu, akaingia ndani, akaweka kiganja kwenye zulia la upande wa abiria. Akanishika mkono na mimi akauweka pale. Maji! Zulia limelowa kama dekio.

Akachukua mita. Hakugusa boksi kwanza. Alipima umeme unaoingia, sawa. Akatoa nguzo ya betri, akapima kati ya tundu namba 6 na namba 14 kwenye ile soketi ya kuchomekea mashine, ikasoma omu 60. Akaniambia waya za mawasiliano ni nzima, kwa sababu kila mwisho wa njia kuna kizuizi cha omu 120, viwili vikiwa sambamba unapata 60. Akarudisha nguzo ya betri. Kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa ethi wa boksi na nyingine kwenye hasi ya betri, akaniambia nizungushe swichi kwenda 4H. Mita ikaruka hadi volti 4 na kitu. Pale inatakiwa iwe karibu na sifuri. "Umeme unaingia," akasema, "lakini hauna pa kutokea."

Akakunja zulia. Chini ya kizingiti cha mlango wa abiria kuna boliti ndogo, nati namba 10, imebana vichwa vitatu vya waya. Kimoja kilikuwa kijani kabisa, ile kutu ya shaba inayofanana na ukungu wa mkate. Alipokivuta kwa vidole viwili kikabaki mkononi mwake. Maji yalikuwa yanatoka kwenye mpira wa kioo cha mbele uliolegea, yanashuka nyuma ya dashibodi, yanatuama palepale. Kumbe mvua ndiyo iliyokuwa inatuambia kila kitu tangu siku ya kwanza.

Akapiga msasa bodi mpaka chuma kikawa cheupe, akakata waya uliooza, akafunga kichwa kipya, akapaka grisi, akakaza. Kioo tukakipaka silikoni. Nikazungusha swichi. Taa ikapepesa mara mbili tatu, ikatulia. Nikasimama, nikaweka gia huru, nikazungusha 4L, ile fowili ya mwendo mdogo na nguvu nyingi. Ikaingia, nikausikia kabisa ule mlio wa mota chini. Elfu 40! Nikampa 60, akanirudishia 20.

Nimeshapanda Kinole mara sita tangu siku hiyo, mbili kwenye mvua kubwa. Haijagoma.

Sasa hasira yangu. Boksi langu la mwanzo lilikuwa zima. Mota yangu ya mwanzo ilikuwa nzima. Vilitoka kiwandani na gari, havijawahi kufunguliwa. Nimepiga simu gereji kudai vitu vyangu nimejibiwa "tulishatupa". Umetupa boksi ambalo dukani linauzwa laki 8? Nani anatupa laki 8? Na hili nililofungiwa sasa hivi, mzee alilichomoa akasoma namba pale kwenye karatasi ya pembeni, herufi za mwisho si sawa na zilizo kwenye kitabu cha gari. Linafanya kazi kwa leo. Mbele ya safari sina uhakika nalo, na gari lina kitu kisicho chake kwa pesa yangu mwenyewe.

Nilipowauliza kwa nini hawakupima ethi, fundi mkuu akaniambia "mashine ndiyo iliyosema boksi". Mzee mzima, gereji ina geti na kalenda, anasingizia mashine!

Kosa langu nalikubali, sikudai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya serikali. Nina kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono cha dukani, na miamala ya simu niliyoituma kwa gereji, yote ninayo. Ujumbe wa kijana akisema boksi limekufa ninao pia. Nimewapa mpaka Jumamosi saa 4 asubuhi wanirudishie boksi na mota, na pesa ya "kuprogramu" ambayo sijui waliprogramu nini. Ndiyo maana siwataji leo. Wasipofanya hivyo Jumatatu napeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Aliyewahi kupeleka kesi ya gereji pale anielekeze: wanapokea miamala ya simu kama ushahidi, au bila EFD nimekwisha?

Na kama uko Dar, umenunua karibuni kontrol boksi ya fowili ya mtumba ya pikapu ya dizeli ya gia za mkono, ligeuze uangalie mgongoni. Langu lina mkwaruzo mrefu kwenye kona ya kushoto na alama ya X ya kalamu nyeupe. Ukiliona, niandikie inboksi. Sikudai wewe, nataka tu kujua umeuziwa na nani.